Kutoaminiana Ndiko Ngao ya Dikteta



Wako wasomi wanaotuhubiria kwamba riwaya zinazosimulia tawala za kutisha zina funzo moja tu: usimwamini mtu. Hutukumbusha kuwa kikulacho ki nguoni mwako, kisha hukunja mikono na kujihesabu werevu. Sisi twasema wazi kwamba tafsiri hiyo ni sumu. Ndiyo tafsiri ambayo dikteta mwenyewe angeitoa lau angeulizwa.

Tuzitazame riwaya tatu.

Katika We, iliyoandikwa na Mrusi Yevgeny Zamyatin mnamo 1920 na 1921, raia hawana majina bali nambari, nao huishi katika nyumba za vioo ili dola iwaone mchana na usiku. Siku ya uchaguzi hakuna kura ya siri; mikono huinuliwa hadharani kumchagua mtawala yule yule. Mkenya aliyepanga mlolongo mwaka 1988 hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Katika mchujo ule wa KANU, raia alisimama nyuma ya mgombea mbele ya macho ya wote, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Lakini katika riwaya ya Zamyatin, wanaopinga wanapoulizwa, maelfu ya mikono huinuka. Dola iliyojigamba kuwa raia wote wana nia moja yaumbuka kwa dakika moja.

Katika 1984 ya George Orwell, iliyochapishwa mwaka 1949, husemwa kuwa Winston Smith aliangamia kwa sababu aliamini. Aliamini nani? Alimwamini O'Brien, mkubwa wa Chama, kwa haiba yake tu. Alimwamini mwenye duka aliyemkodisha chumba, kumbe ni polisi. Bali Julia, mwanamke aliyemshuku kuwa jasusi hata akawaza kumponda kichwa kwa jiwe, ndiye aliyekuwa mwenzake wa kweli. Shaka yake ilimlenga asiye na hatia na imani yake ikamwendea mwindaji. Je, shaka ilimkinga?

Margaret Atwood, katika The Handmaid's Tale ya mwaka 1985, aonyesha hasara nyingine. Wajakazi hutembea wawili wawili ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Offred na Ofglen wasalimiana kwa maneno matakatifu, kila mmoja akimdhania mwenziwe kuwa mfuasi wa dhati wa utawala. Kumbe wote wawili wauchukia! Ukuta baina yao wabomoka pale tu mmoja anapothubutu kuuliza. Ni kweli, ujasiri huo una gharama: Ofglen ajinyonga kabla ya kukamatwa. Lakini hata mwishoni Offred aingia garini bila kujua kama apelekwa gerezani au penye uhuru, kwa kuwa kuna mtu aliyemwambia amwamini.

Linganisheni basi. Zamyatin aonyesha dola ikiwapasua raia vichwa ili kuondoa fikira; Orwell aonyesha Chumba 101, ambamo wapendanao hulazimishwa kusalitiana. Kama imani baina ya raia ingekuwa jambo dhaifu, kwa nini dola ijisumbue kiasi hicho kuivunja?

Wala tusisahau kwamba mwenye wasiwasi mkubwa kuliko wote ni mtawala. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi mwaka 1987 polisi wa Kenya walivyotumwa kumkamata Matigari, aliyesemekana kuzunguka nchini akidai haki. Walipogundua kuwa ni mhusika wa riwaya, walikamata kitabu.

Historia yetu imetoa ushahidi. Kabla ya uchaguzi wa 1992, viongozi wa FORD walishukiana hadi chama kikapasuka kuwa Ford-Kenya na Ford-Asili. KANU ikatwaa urais kwa takriban asilimia 36 ya kura. Walio wengi walishindwa kwa kugawanyika. Mwaka 2002 upinzani uliungana, na Mwai Kibaki akapata takriban asilimia 62. Na tangu maandamano ya Juni 2024, ambapo vijana walitekwa nyara kwa sababu ya maoni yao, swali limerejea vikaoni: nani kati yetu ametuuza? Mtekaji amfikapo mmoja, hutaka mia waliobaki waanze kuogopana.

Hatuhimizi upofu. Usimwamini mkubwa kwa tabasamu lake. Iamini kura ya siri inayohesabiwa mbele ya mawakala. Iamini hazina ya chama ambayo hesabu zake zasomwa hadharani. Mwamini jirani uliyempima kwa vitendo. Lakini anayesubiri hakika kamili kabla ya kumnong'onezea mwenzake atasubiri mpaka kaburini, naye dikteta atamshukuru.

Mficha uchi hazai. Taifa lisilothubutu kuaminiana halitazaa uhuru.