Binti wa Katwe na Orodha Tuliyoisoma Kanisani



Miaka michache iliyopita, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, tulifanya jambo ambalo wakati ule lilionekana jema. Baada ya Komunyo tulisimama mbele ya waamini tukasoma majina ya watoto wa parokia waliofaulu, na kanisa zima likawapigia makofi na vigelegele. Dominika iliyofuata kijana mmoja wa kwaya hakuonekana mahali pake, wala Dominika ya pili. Mama yake alipofika ofisini hakulalamika. Alisema tu kwamba siku ile mwanawe alikaa benchi la nyuma akisubiri jina ambalo halikusomwa, na kwamba tangu hapo hupita njia ya mashambani ili asikutane na watu wanaokwenda kanisani.

Neno la mama yule limetukaa moyoni hata leo. Ndilo linalotufanya juma hili tuwaletee habari za binti mmoja wa nchi jirani, ambaye safari yake katika mchezo wa ubaoni inatufundisha namna nyingine ya kuhesabu kushinda na kushindwa.

Phiona Mutesi alizaliwa katikati ya miaka ya 1990 huko Katwe, mtaa wa mabanda katika jiji la Kampala. Baba yake alifariki kwa Ukimwi Phiona akiwa bado mdogo sana. Mama alibaki akihangaika na biashara ndogo ya chakula, na karo ilipokosekana mtoto akatoka shuleni. Mnamo mwaka 2005 alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo mwalimu Robert Katende, aliyekuwa akitumika katika shirika la Kikristo liitwalo Sports Outreach, alikuwa akiwafundisha watoto mchezo wa sataranji, ambao vijana wetu huuita chesi. Si mchezo uliomvuta. Ulikuwa uji waliokuwa wakigawiwa watoto pale. Na aliyemwonyesha kwa mara ya kwanza jinsi kete zinavyokwenda hakuwa bingwa, bali mtoto wa miaka minne. Phiona hakuona haya kufundishwa na mdogo kuliko yeye. Tuishike hiyo, maana ni nusu ya unyenyekevu.

Hakukawia kuonekana. Akiwa na umri wa miaka kumi na moja hivi alikuwa bingwa wa taifa wa wasichana chipukizi. Mwaka 2009 alikwenda Juba pamoja na wavulana wawili kutoka kwa Katende, nao watatu wakarudi na ushindi. Kisha mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Chesi iliyofanyika Khanty-Mansiysk, nchini Urusi, mahali pa baridi kuliko Ufipa yetu mara nyingi. Huko mambo yakawa magumu. Alishindwa mchezo wake wa kwanza na mchezaji wa Canada, akashindwa tena na mwingine, akalia machozi. Alirudi Katwe bila medali, kwenye umaskini uleule aliouacha.

Kwa hesabu tuliyoitumia kanisani siku ile, binti huyu jina lake lisingesomwa. Lakini alirudi ubaoni. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha Shirikisho la Chesi la Dunia. Tuseme ukweli wote: kilikuwa cheo cha ngazi ya chini katika vyeo ambavyo Shirikisho huwapa wanawake. Mwaka huohuo mwandishi Tim Crothers akatoa kitabu juu yake, na mwaka 2016 ikatoka filamu iliyoongozwa na Mira Nair, ambayo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake. Mwaka 2017 akaanza masomo ya chuo kikuu nchini Marekani. Hakupata kuwa bingwa wa dunia. Dunia ilimpenda kwa sababu alianguka mbele ya macho ya watu, na bado akarudi kukaa kitini.

Huenda msomaji akasema kwamba huyo ni mmoja aliyebahatika kuandikiwa kitabu. Basi tumwangalie mzee mmoja wa mbali, Mkatoliki mwenzetu, ambaye rekodi zake zimehifadhiwa mchezo kwa mchezo. Wajapani wana mchezo wao wa ubao unaoitwa shogi, wenye vyumba 81, nao wapo watu wanaoucheza kama kazi ya maisha. Katō Hifumi, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1940, aliingia katika kazi hiyo mwaka 1954 akiwa na miaka kumi na minne, na kwa miaka zaidi ya sitini hakuna aliyeingia akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka 1960 aliwania cheo kikuu kiitwacho Meijin, akashindwa. Mwaka 1970 alibatizwa. Mwaka 1973 akawania tena, akashindwa michezo minne kwa sifuri. Alikipata cheo hicho mwaka 1982, miaka ishirini na miwili baada ya jaribio la kwanza, na mwaka uliofuata akakipoteza kwa kijana wa miaka ishirini na moja. Mwaka 1986 Papa Yohane Paulo II alimtunuku nishani ya Mtakatifu Silvesta.

Alipostaafu mwaka 2017, akiwa na miaka 77, alikuwa ameshinda michezo 1,324 na kushindwa 1,180. Hadi siku ile hakuna mchezaji wa shogi wa kulipwa aliyekuwa ameshindwa mara nyingi kama yeye. Lakini fikirini: mtu hawezi kushindwa mara 1,180 asipoketi mbele ya ubao mara 1,180 akiwa tayari kushindwa tena. Kwa hiyo idadi ile si aibu yake, ni kipimo cha uaminifu wake. Mwezi Desemba 2016 aliketi mbele ya Fujii Sōta, mtoto wa miaka kumi na minne aliyekuwa ameivunja rekodi yake ya kuingia akiwa mdogo. Mzee akashindwa. Hata hivyo alikuwepo ukumbini, akampa mtoto yule heshima ya kucheza naye.

Wazee wetu wanaocheza bao wanalijua jambo hili bila kwenda Japani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete inayoliwa haitupwi nje. Hutwaliwa na kupandwa tena katika mashimo ya upande wa pili, nayo huendelea kuzunguka mpaka mwisho wa mchezo. Katika shogi pia kete iliyotekwa huweza kurudishwa ubaoni na yule aliyeiteka. Wenye hekima walioibuni michezo hii hawakuona sababu ya kuitupa kete kwa kuwa imeliwa mara moja. Sisi tuliobatizwa je, tunawatupa watoto wetu?

Maana imani yetu inajua kuanguka. Kila Ijumaa ya Kwaresima tunapiga magoti kwenye Njia ya Msalaba, na mara tatu, katika kituo cha tatu, cha saba na cha tisa, tunamtafakari Bwana aliyeanguka chini. Kanisa halikuvificha vituo hivyo. Petro naye alivua usiku kucha bila kupata kitu, na ni asubuhi ya usiku huo mtupu alipoambiwa atweke tena mpaka kilindini. Anayepanda Lyamba lya Mfipa kutoka bonde la Ziwa Rukwa akiwa na mzigo kichwani hupumzika njiani mara kadhaa, wala hakuna anayesema kwamba hakufika nyumbani kwa sababu alipumzika.

Tunajua wapo watakaotuuliza: “Padre, tusipowasifu waliofaulu, si tutaua bidii ya watoto?” Swali ni la haki, na hatutaki mzazi yeyote aone haya kumpongeza mwanawe. Ampongeze nyumbani, na jumuiya ndogo ndogo ifurahi pamoja naye. Lakini Misa ni karamu ya wote, na kusoma majina ya wengine tu mbele ya altare ni kuwasoma kimyakimya wale ambao hawakutajwa. Hata Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo kazi yake ni kupima, liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotolewa Januari 2023. Ikiwa mpimaji ameona hivyo, mchungaji anangoja nini?

Kwa hiyo, kwa upande wetu, tumeamua mambo mawili. Kwanza, orodha ile haitasomwa tena kanisani. Badala yake, kabla ya mitihani, watahiniwa wote wataitwa mbele kubarikiwa, wakati ambapo hakuna anayejua nani atafaulu. Pili, tunawaomba walimu wa parokia watoe saa mbili kila Jumamosi katika ukumbi wetu kwa vijana wanaotaka kurudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Tutaweka pia bao, drafti ya vizibo vya soda, na chesi tukiipata. Wako wanaodhani michezo hii ni ya wavivu wa kijiweni. Sisi tunaiona kuwa mahali ambapo kijana anaweza kushindwa saa nne, akacheka, akapanga kete upya saa nne na nusu. Katende alianza na uji na ubao. Nasi uji hautatushinda, kwa maana mahindi ya Ufipa tunayo.

Na yule kijana wa kwaya? Tulikwenda nyumbani kwao, tukamkuta akipukuchua mahindi, tukaketi tukapukuchua pamoja naye. Tulimwomba radhi, maana kosa lilikuwa letu. Hakujibu mengi. Kwenye kwaya hajarudi bado, lakini ametuuliza ukumbi utafunguliwa saa ngapi. Ninyi mnaomfahamu, mkikutana naye njiani, msimuulize habari za matokeo. Msalimieni kwa jina lake.

Tunawatakia Dominika njema. Mama Bikira Maria, aliyesimama chini ya Msalaba wakati wengi walipokimbia, awaombee wazazi wote.