Mwizi Asemaye Kiswahili Fasaha

Wapo waungwana wa mwambao wadhanio kuwa wizi wa mitandaoni ni shughuli ya mafundi na polisi, wala haimhusu mtu wa kalamu. Wamekosea, tena pakubwa. Mwizi wa zama hizi havunji mlango, hutunga sentensi. Silaha yake ni lugha, nayo ni hii hii wanayoitungia mashairi na kuisifu barazani.

Na utazamwe ule ujumbe uliokwisha kuzunguka Tanzania nzima: "Ile hela tuma kwa namba hii." Ni maneno sita tu, lakini lile la kwanza ndilo lifanyalo kazi yote. "Ile" hudai kwamba palikuwa na mazungumzo kabla. Kwamba aandikaye si mgeni, bali ni mwana, ni mdeni, ni jirani. Kwa neno moja mtu asiyejulikana huvaa sura ya ndugu. Mshairi gani asiyetambua ufundi huo, hata akiulaani?

Sasa ujumbe huo ufike Gitting, katika Wilaya ya Hanang, chini ya mlima wenye jina hilo. Aupokeaye ni mzee aliyelelewa kwa Kiiraqw au Kidatoga. Kiswahili alikutana nacho shuleni, zahanati, mahakamani na katika ofisi ya kata. Kwake yeye ni sauti ya serikali, na sauti ya serikali huitikiwa, haihojiwi. Akiambiwa kwa ufasaha kuwa laini yake itafungwa asipotaja namba ya siri, huitaja. Kisha watu wa mjini humwita mjinga, au mwenye tamaa. Huo si ujinga. Ni utii aliofundishwa, na mwizi ameukuta tayari umelimwa na kupaliliwa.

Watu wa Hanang si wageni wa kupokonywa kwa maandishi. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wabarbaig walipoteza sehemu kubwa ya malisho yao kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO. Wakati ule iliondoka ardhi. Leo linaondoka jina.

Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Nia ilikuwa njema: kila laini iwe na mwenyewe. Lakini wakala asiye mwaminifu husema, "Kidole hakijasoma, weka tena," na mzee huweka tena. Hutoka na laini moja. Ya pili, yenye jina lake, hubaki kwa wakala na kwenda kuibia wengine. Siku ya kusakwa mwizi, atakayesakwa ni mzee. Ipo njia ya kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake: kubonyeza *106#. Je, ni nani aliyekwenda kumweleza hayo kwa lugha aliyonyonya?

Sheria zipo. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu ulaghai na kujifanya mtu mwingine. Iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wizi unatendwa kwa Kiswahili. Ni mwaka 2021 tu Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Na sheria hiyo hiyo ilionyesha wepesi wake kwa raia walioshitakiwa kwa maneno waliyoandika juu ya viongozi. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini ulinzi usiosikika na mlindwa ni kufuli lililotundikwa kwenye mlango wa jirani.

Haki ni hii: kampuni zinazokata ada kwa kila shilingi itumwayo zibebe hasara pale wakala wao anapouza jina la mtu. Maonyo yatolewe kwa sauti, kwa Kiiraqw na Kidatoga, mnadani na redioni. Nao wapenzi wa Kiswahili waache kudhani kuwa ufasaha ni pambo tu. Watunzi wengi wa kale wa mwambao walitaja majina yao katika beti za mwisho, ili kazi isipotee kwa mwingine. Walijua kuwa jina ni mali. Mzee wa Gitting naye analo moja tu, na halina beti ya kulilinda.