Mume ana banjo, mimi nina gitaa

Mwezi huu nazungumza na wale ambao mwenza wao ana mapenzi ya pili. Siyo nyumba ndogo bwana, tulieni! Wangu ana banjo. Tunaishi Nashville, Marekani, na kila Jumapili jioni anaibeba kwenda kupiga bluegrass na wenzake. Kuna wiki nilinuna, kuna wiki nilisusa kupika. Nikachoka, nikanunua gitaa na kumfuata.

Kwa msioujua, bluegrass ni muziki wa nyuzi: banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi kubwa ya kusimama. Jina limetokana na bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys, na Earl Scruggs alipojiunga nayo mwaka 1945 na banjo yake ya vidole vitatu, muziki ukapata mlio wake. Banjo yenyewe, jamani, asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani, kwa hiyo msinishangae kukaa pale.

Watu wanakaa duara sebuleni kwa mtu. Aliyechagua wimbo ndiye bosi wa wimbo huo. Anataja ufunguo, anaimba, halafu anamwangalia mmoja na kumpa ishara ya kichwa apige solo. Hutaki? Unatikisa kichwa, zamu inapita kwa jirani, wala hakuna wa kukununia. Akinyanyua mguu, ujue wimbo unaisha.

Ila kubwa kuliko yote ni kushusha sauti. Mtu akiimba au akipiga solo, wengine wote mnapunguza. Kama humsikii, wewe ndiye unayepiga kwa nguvu mno. Sasa banjo ina kelele kama kuku anayetaga, lakini mume wangu, huyu huyu anayenikatiza nyumbani kabla sijamaliza sentensi, aliituliza hadi nikamsikia vizuri bibi mmoja mwenye sauti nyembamba kama uzi. Nikasema moyoni, kumbe anaweza!

Kwenye gari nikamwambia. Tulibishana hadi mlangoni.

“Kule ni muziki, mke wangu.”

“Na huku ni nini?”

Hakunijibu. Lakini siku hizi akinidakia maneno mezani nanyanyua mguu, anacheka, ananyamaza. Siyo kila siku, tusidanganyane.

Ukiwa mgeni, kaa nyuma ya duara, angalia mkono wa kushoto wa mpiga gitaa ujue anabadilisha wapi, upige polepole. Nyuzi zikaze kabla hujafika, na ngoma iache nyumbani, bluegrass ya asili haina. Mimi nilikaa nyuma miezi miwili. Jumapili moja mume wangu akachagua wimbo, akanigeukia na kunipa ishara. Nikatikisa kichwa. Akampa wa fidla, wimbo ukaendelea. Wiki iliyofuata akanipa tena, nikapiga.