Kwa mujibu wa cheti, mama ni binti wa mjomba wake

Jamani, tuache kusema kwamba karatasi ni mambo ya Wazungu. Nimeyasikia sana haya kwa wapenzi wenzangu wa fasihi: eti sisi ni watu wa masimulizi, nasaba zetu ziko vifuani mwa bibi zetu. Sawa. Na bibi akifa je?

Mama yangu alilelewa na mjomba wake hapa Raskazone. Cheti cha kuzaliwa alikipata akiwa mtu mzima, alipokihitaji kufuatilia mafao. Alipoulizwa jina la baba akataja la mjomba, maana ndilo alilosomea. Kiapo kikagongwa muhuri, kwisha. Sasa mama ametutoka, nami nikiuliza babu yangu mzaa mama alikuwa nani, najibiwa neno moja tu: alikuja kama manamba, kukata mkonge. Basi. Mtu ambaye shamba lilimwita kwa namba, sisi damu yake tumemnyima hata jina.

Nilikwenda ofisi moja kuulizia kumbukumbu. Kijana wa dirishani akageuzageuza kile cheti. "Sasa mama, si hiki hapa? Kina kasoro gani?" Sikuwa na la kumjibu. Cheti ni halali kabisa. Kinachosema ndicho si kweli.

Msiniambie lawama zote ni za serikali. Ni kweli, enzi za Waingereza usajili ulikuwa lazima kwa Wazungu na Waasia, Waafrika hawakulazimishwa. Lakini uongo wa cheti cha mama hakuuandika gavana. Tuliuandika wenyewe, kwa upendo, ili mtoto asionekane hana baba.

Upendo huo hauna pa kuegemea. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inataka mtoto wa kulea anasibishwe na baba yake mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Msahafu na Bunge wamekubaliana. Anayekataa ni nani? Ni aibu yetu. Na aibu ina dawa: rejesta inaweza kufungwa, asiisome kila mpita njia. Lakini ambalo halikuandikwa, hata ufungue makabati yote hulipati.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati. Wengi wetu tunausifu kwa mizani na maadili yake. Mimi nausoma kwa wivu: yule binti aliachiwa maandishi na baba yake.

Kwa hiyo wewe unayelea mtoto wa mwenzio, mlee. Mpe chumba, mpe ada, mpe hata jina lako la kuitwa mtaani. Ila jina la baba yake liandike mahali, hata nyuma ya kadi ya kliniki. Ipo siku atakuja mjukuu kuliulizia.