Kwa nini rumba ya Kongo ina sauti ya Kuba: tumfuate Papa Noel

Kila tunapopiga rumba za zamani, swali moja hurudi: mbona Mkongo anaimba maneno ya Kihispania? Wasikilizaji wetu wa Kalinzi na wa mwambao wa ziwa wameukuta muziki huu kwenye redio za wazee wao, na kwao ni muziki wa ng'ambo ya ziwa, basi. Lakini safari yake ni ndefu kuliko ziwa. Leo tunaifuata kupitia gitaa la mtu mmoja.

Antoine Nedule Monswet alizaliwa Leopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 25 Desemba 1940. Ilikuwa Krismasi, ndiyo maana dunia ikamjua kwa jina la Papa Noel. Alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1957 akiwa na Leon Bukasa, akapitia Rock-a-Mambo, akaongoza bendi ya Bamboula, na mwaka 1978 akaingia TPOK Jazz ya Franco. Huko alikuwa fundi miongoni mwa mafundi wengi, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa lilikuwa la mwenye bendi. Mwaka 2002, akiwa amevuka miaka 60, ikatoka albamu Bana Congo, yaani Watoto wa Kongo. Humo anapiga na Mkuba Papi Oviedo, fundi wa tres. Hiki ni chombo cha Kuba kinachofanana na gitaa dogo, chenye nyuzi sita zilizopangwa mbilimbili katika mafungu matatu. Tres kwa Kihispania ni tatu.

Kusikia wanachofanya, gonga meza. Piga mara tatu kwa kuachana, pumzika kidogo, kisha mara mbili za haraka: ta, ta, ta... ta-ta. Rudia bila kukoma. Mapigo hayo matano Wakuba wanayaita clave, na kila chombo kinatakiwa kuyafuata, hata pale ambapo hakuna anayeyagonga kwa sauti. Sasa sikiliza rumba za Kongo za miaka ya 1950 na mara nyingi utayakuta yamejificha humo.

Yalifikaje? Kwa santuri. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni za Ulaya zilileta Afrika santuri za Kuba zenye alama ya GV, na vijana wa Leopoldville wakaziiga neno kwa neno, Kihispania chao kikiwa cha kubahatisha. Halafu wakafanya jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko kuiga. Kifungu kile cha kurudiarudia ambacho Mkuba anampa mpiga tres au piano, wao walikipa magitaa, wakakirefusha mpaka kikawa sebene. Hapo ndipo watu huinuka vitini, Kinshasa na hata kwenye harusi za huku kwetu.

Usidhani basi kwamba ni Che Guevara aliyetuletea Ukuba, kwa kuwa alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 kwenda kupigana Kongo. Santuri zilimtangulia kwa miaka thelathini hivi.

Nazo santuri hazikubeba kitu kigeni kabisa. Watu wengi waliotekwa katika nchi za mto Kongo walipelekwa utumwani Kuba, ambako utumwa ulifutwa 1886 tu, na ngoma zao zikaota mizizi huko. (Njia ya Ujiji ilikuwa nyingine: watumwa wake walipelekwa zaidi mashariki, kuelekea pwani na Zanzibar.) Hii ndiyo sababu Bana Congo haisikiki kama mgeni anayejaribu chakula cha watu. Mlinganishe na Ry Cooder, mpiga gitaa Mmarekani aliyelelewa na blues. Alikwenda Havana mwaka 1996 kwa mradi wa kuwakutanisha Wakuba na wanamuziki wa Mali. Wamali walikwama, wakabaki wazee wa Kuba, na ikazaliwa Buena Vista Social Club. Ni albamu nzuri, na Cooder ana adabu ya mgeni mwema. Papa Noel anaingia bila hodi. Gitaa lake linamkatiza Oviedo, linamwachia, linamrudia, kama ndugu wanaobishana sebuleni.

Lakini fahari ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. UNESCO iliiandika rumba ya Kuba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, na rumba ya Kongo mwaka 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili. Zinashiriki jina, ila ile ya Kuba ni ya ngoma na kucheza. Mzazi wa karibu wa rumba ya Kongo ni muziki uitwao son. Heshima hiyo ni halali. Hata hivyo, orodha haimlipi mpiga gitaa wa pili, yule ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada.

Na sisi Tanzania tumo. Salum Abdallah aliita bendi yake ya Morogoro Cuban Marimba, akaimba Kiswahili juu ya mapigo hayo hayo hadi alipofariki 1965. Kazi nyingi za bendi zetu zilizofuata zilirekodiwa Radio Tanzania, na zimo katika kanda zinazozeeka. Kongo na Kuba zimeomba muziki wao uandikwe; wa bendi zetu bado unasubiri mtu wa kuandika hata majina ya waliopiga. Kama nyumbani kwenu kuna santuri au kanda ya bendi, na mzee anayekumbuka nani alishika gitaa gani, andika majina hayo juu ya jalada wiki hii.