Uchambuzi: Kibali cha gorila ni dola 800, na hasara ya mgeni asiyefika hubaki kwa kampuni ndogo

Tangu Julai 2024 mgeni kutoka ng'ambo anayetaka kuwaona gorila wa milimani nchini Uganda hulipa dola 800 za Marekani kwa kibali kimoja, kutoka dola 700 za awali. Kwa mwenye mlolongo wa hoteli, ongezeko hilo si kitu. Kwa kampuni ya kifamilia yenye gari moja au mawili, ambako kaka ndiye dereva na mke ndiye anayejibu barua za wateja usiku, ni fedha zinazopaswa kutolewa kabla mgeni hajakanyaga Entebbe, nazo hazirudi kwa urahisi asipotokea.

Mwaka 2025 ulianza kwa sababu nyingi za mgeni kutotokea. Tarehe 30 Januari Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola mjini Kampala, ambao ulitangazwa kumalizika mwishoni mwa Aprili. Katika wiki hiyo hiyo ya Januari, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Msitu wa Bwindi unapakana na Congo, na kwa msafiri anayetazama ramani akiwa Berlin au Toronto, Kampala, Goma na Bwindi ni mahali pamoja. Haisaidii sana kumweleza kwamba kutoka Kampala hadi msituni ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari.

Bwindi ni msitu wa mvua wa milimani wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 320, kusini-magharibi mwa Uganda. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu gorila 459 katika Bwindi na hifadhi jirani ya Sarambwe upande wa Congo. Duniani kote gorila wa milimani ni 1,063, na wote wanaishi Uganda, Rwanda na Congo. Utalii ulianza mwaka 1993 kwa kundi la Mubare, na kanuni yake kuu ni hii: watu wasiozidi wanane kwa kundi moja la gorila kwa siku, kwa muda wa saa moja. Bidhaa yenyewe ni adimu kwa mpango, na ndiyo maana kibali kina nguvu kuliko kitu kingine chochote katika safari hii.

Hapo ndipo wageni wengi hupanga mambo kinyume. Huchagua kwanza hoteli nzuri, kisha hutafuta kibali. Kumbe kibali hutolewa kwa siku maalumu na kwa sehemu maalumu ya msitu, nazo ni nne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Aliyelala Buhoma ilhali kibali chake ni cha Rushaga ana saa kadhaa za barabara ya milimani mbele yake, na wahifadhi hutoa maelekezo asubuhi mapema bila kumsubiri aliyechelewa. Mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafikia gorila. Mwenye mafua anaweza kurudishwa, kwa kuwa gorila huambukizwa maradhi ya binadamu. Msimu wa ukavu, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, una njia rahisi zaidi na vibali vigumu zaidi kupatikana. Mambo haya kampuni ndogo inayoendesha shughuli zake kwa jina la ukoo inayajua kwa undani, pengine kuliko wakala mkubwa aliye mbali, kwa sababu dereva ndiye huyo huyo aliyeulizwa bei.

Tatizo ni imani. Mgeni anaombwa atume arubuni kwa watu asiowahi kuwaona, na kampuni haiwezi kununua kibali bila fedha hiyo. Kampuni kubwa hununua vibali vingi vya msimu wa juu miezi mingi kabla na kuvishikilia. Ndogo hununua baada ya mteja kulipa, wakati tarehe nzuri zimekwisha. Matapeli nao wamejipenyeza humo humo. Kwa msafiri, kinga ipo na si ngumu: kampuni iwe na leseni ya Bodi ya Utalii ya Uganda, ikiwezekana iwe mwanachama wa chama cha waendesha utalii, AUTO, na itume nakala ya kibali chenye jina na namba ya pasipoti ya msafiri kabla ya kudai malipo ya mwisho.

Sekta hii imeshapigwa mara nyingi. Machi 1999 wanamgambo wa Kihutu kutoka Congo waliivamia Bwindi na kuwaua watalii wanane. Kuanzia Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022. Pigo hilo halikuzungumzwa sana katika taarifa za utalii, lakini lilikuwa zito. Rwanda ilipandisha kibali chake kutoka dola 750 hadi 1,500 mwaka 2017, na tangu hapo baadhi ya wageni walitua Kigali, ulio karibu zaidi na Bwindi kuliko Kampala, kisha wakavuka kwenda kuwaona gorila wa Uganda kwa bei nafuu. Biashara ya kuwapokea wageni hao ilikuwa mikononi mwa kampuni ndogo. Kisha ukaja UVIKO-19; Juni 2020, watalii wakiwa hawapo, gorila dume maarufu wa Bwindi aitwaye Rafiki aliuawa na mwindaji haramu, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 11. Oktoba 2023 watalii wawili waliokuwa fungate waliuawa pamoja na mwongozaji wao Mganda katika hifadhi ya Queen Elizabeth, kaskazini mwa Bwindi, katika shambulio lililohusishwa na kundi la ADF.

Hoja ya serikali zote mbili ni kwamba bei kubwa huleta watu wachache na fedha nyingi, na msitu hupumua. Kwa upande wa uhifadhi hoja hiyo ina ushahidi: gorila wameongezeka, na mwaka 2018 waliondolewa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Ila faida ya kampuni ndogo haitoki kwenye kibali. Inatoka kwenye gari, mafuta na siku za kazi. Kibali kikipanda, mgeni mwenye bajeti ileile hupunguza siku, na siku ndizo mshahara wa dereva.

Wanaoishi kandokando ya msitu nao wana hesabu yao. Sheria ya Uganda inazipa serikali za mitaa asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, lakini kibali cha gorila huhesabiwa kivyake: tozo ya jamii ni dola 10. Katika dola 800, hiyo ni asilimia moja na robo. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake. Wabatwa, waliotolewa msituni hifadhi ilipoanzishwa, walipata hukumu ya Mahakama ya Katiba mwaka 2021 iliyotambua kwamba hawakutendewa haki. Wengi bado hawana ardhi.

Lipo soko jingine, ambalo kampuni hizi hazijalitumia vya kutosha. Raia wa Afrika Mashariki hulipa Shilingi za Uganda 300,000, chini ya dola 100. Mtanzania anaweza kupita Mutukula, Masaka, Mbarara hadi Kabale akiwa na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hata hivyo viza ya pamoja ya utalii kwa wageni, iliyoanza mwaka 2014, inazihusu Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania imebaki nje. Na Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya kazi kadhaa za biashara ndogo, ikiwemo kuongoza watalii. Lengo la kulinda ajira linaeleweka. Lakini mwongozaji wa Kabale anayetaka kumfikisha mteja wake Serengeti sasa lazima amkabidhi mpakani, na wa Arusha ana sababu ya kuhofia kuwa majirani watajibu kwa namna ileile.

Hatua moja ipo ndani ya uwezo wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mwaka 2020, wakati wa janga, iliruhusu vibali vilivyokwisha kulipiwa kusogezwa mbele. Utaratibu huo ungeweza kuwa wa kudumu, ukaanza kutumika wenyewe kila serikali inapotangaza mlipuko wa maradhi au kufunga mpaka, bila kila familia kwenda Kampala kujieleza dirishani.