Acheni Kutusifia Ubunifu

Nina daftari la jalada la buluu ambalo nimelibeba tangu nikiwa chuoni, mwaka wa tatu wa uhandisi, kabla karo haijanishinda nikarudi Nyalenda kuandikia watu maneno kwa malipo. Ndani yake kuna mawazo ya magari. Yote ni ya kipuzi na yote nimeyapa nambari.

Nambari 1: honi ya kulipia. Kila ukibonyeza, shilingi tano zinatoka kwa M-Pesa yako. Kondele peke yake, Ijumaa jioni, ingelipa deni la taifa na chenji ibaki.

Nambari 4: mkono wa makanga wa plastiki. Unafungwa dirishani mwa matatu, unapiga bodi paa! paa! bila kuchoka, na makanga mwenyewe anaketi kama binadamu.

Nambari 6: wipa za ndani. Zile za nje zinafuta mvua. Hizi zinafuta pumzi za watu kumi walio ndani ya gari la watu watano.

Nambari 9: honi yenye sauti ya kiboko, ya kupitia Kibuye siku ya Jumapili. Mtu wa Kisumu hashtuliwi na gari, lakini kiboko anamjua.

Nambari 13: bampa la godoro kwa tuktuk, kwa sababu tuktuk hugeuka kwanza, dereva akafikiria baadaye.

Nambari 17: kiti cha dereva cha ghorofa. Wa juu anashika usukani, wa chini anakanyaga breki, na wanawasiliana kwa kupigana teke.

Nilikuwa nikiwasomea marafiki jioni, tunacheka hadi jirani anagonga ukuta. Kisha nikaacha kuandika. Mawazo hayakuniishia. Niliona tu kwamba barabara inanishinda. Kila nikibuni kitu cha kipuzi, nakuta kinatumika tayari, na kina nauli.

Chukua hiyo nambari 17. Nenda stendi ukapande Probox ya kwenda Bondo au Siaya. Kwenye karatasi, Probox ni gari la watu watano. Mimi nimewahi kuhesabu kumi, na mtoto mmoja ambaye hakuhesabiwa kwa kuwa alipakatwa. Wanne nyuma, wengine kwenye buti na magunia, wawili kiti cha mbele kushoto, na mmoja anashiriki kiti cha dereva. Huyo wa mwisho anakaa kulia, kati ya dereva na mlango. Kwa hivyo dereva anaendesha akiwa karibu katikati ya gari, ameinama kushoto kama mtu anayesikiliza umbea, na kubadilisha gia ni lazima aombe radhi kwa goti la mama wa watu. Mimi nilihitaji miaka mitatu ya uhandisi kufikiria kiti cha madereva wawili. Dere wa Bondo alikifikiria asubuhi moja kabla ya chai.

Endelea. Lori likiharibika usiku, sheria inataka ile pembetatu nyekundu tunayoiita laifseva. Utakachokiona ni matawi ya mti yaliyolazwa kwenye lami, na wewe unayekuja kasi unatakiwa uelewe lugha ya majani gizani. Lori lingine linapanda mlima na tanboi anatembea kando yake, kigogo mkononi. Likisimama, anaruka na kukisukuma chini ya gurudumu. Huyo tanboi ndiye breki ya mkono. Nduthi nazo zina mwavuli mrefu unaomfunika dereva hadi abiria wa nyuma. Upepo wa ziwa ukivuma saa kumi jioni, mwavuli unageuka tanga, na mna bahati kama mtafika Dunga kwa njia ya barabara.

Huko Japani kuna mtu anaitwa Kenji Kawakami, aliyeifanya sanaa kazi hii ya kubuni vitu vya kipuzi. Sanaa yenyewe inaitwa chindogu, na ina kanuni zake. Moja inasema kifaa lazima kitengenezwe kweli, mtu aweze kukishika. Nyingine inasema kisiuzwe. Na iliyo ya kwanza kabisa: kisiwe cha kutumiwa kwa dhati. Kikianza kutegemewa, kimeshatoka kwenye chindogu.

Nilipozisoma kanuni hizo nilicheka, halafu nikanyamaza. Mjapani anabuni upuzi akijua kwamba akimaliza atarudi kwenye treni inayofika kwa dakika iliyoandikwa. Sisi upuzi wetu ndio treni.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike haya.

Miezi kadhaa iliyopita niliajiriwa kwa siku mbili kuandika ripoti ya mashindano fulani ya ubunifu wa vijana, katika hoteli moja ya hapa mjini. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe na maji yalikuwa ya chupa. Kila kijana alipewa dakika tatu aeleze wazo lake. Mmoja alileta programu ya simu ya kumwambia abiria gari lipi halijajaa. Mwingine alileta jaketi la boda linalowaka taa. Mambo mazuri, na vijana wenyewe wakali. Kisha mgeni wa heshima akasimama, akatazama ukumbi, akasema kwa furaha kwamba vijana wa Kisumu hawahitaji kusubiri serikali, wana ubunifu kwa damu. Akatoa mfano wa zile Probox. Akasema nchi zingine wangeshindwa, lakini sisi tunatoshana.

Watu wakapiga makofi. Kazi yangu ilikuwa kuandika, kwa hivyo niliandika: "Makofi." Mkono ulikuwa unatetemeka.

Tunatoshana! Mzee, hatutoshani. Tunafinyana. Anayesema tunatoshana ni yule aliyekuja na gari lenye kiti kimoja cha mbele na mtu mmoja ndani yake.

Hoja yangu ni hii, na sitaizungusha. Karibu kila uvumbuzi wa kuchekesha barabarani kwetu umeziba tundu lililoachwa na mtu anayelipwa mshahara. Watu wanapotoshana kwenye Probox, pana basi ambalo halikuja. Tanboi na kigogo chake wanamaanisha kuna ukaguzi uliofanyika juu ya meza, noti ikapita, gari lisionekane. Mwavuli wa nduthi ni kibanda cha stendi ambacho hakikujengwa. Ukiusifia uvumbuzi bila kulitaja lile tundu, umemfutia mtu deni lake, na deni hilo hulipiwa na miili yetu.

Hata boda boda yenyewe ilizaliwa hivyo. Ilianzia Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia kisicho cha mtu. Basi linakushusha huku, safari inaendelea kule, na katikati ujijue. Vijana wenye baiskeli wakaweka kiti nyuma, wakaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, na jina likabaki. Ni hadithi nzuri, tunapenda kuisimulia. Lakini isikilize tena: serikali mbili zilikutana uso kwa uso, zikasahau kwamba kuna mtu anayetembea na mzigo kichwani. Kijana wa baiskeli akazikumbushia. Zaidi ya miaka sitini baadaye bado anazikumbushia, siku hizi kwa pikipiki, na malipo yake ni kuitwa tatizo la usalama Jumatatu na fahari ya ubunifu Ijumaa.

Kama unaona nimekasirika bure, njoo nikupeleke ziwani.

Kisumu imeosha magari ziwani tangu kabla sijazaliwa. Gari linateremshwa hadi majini, maji yanafika kwenye matairi, vijana wanaingia na ndoo na sabuni. Ukilitazama kwa mbali ni wazo linaloweza kuingia kwenye daftari langu: kwa nini ulete maji kwa gari kama gari lina magurudumu? Watalii hupiga picha. Binamu yangu ameifanya kazi hiyo miaka sita, na amesomesha wadogo zake wawili kwa ndoo.

Shida ni kwamba ziwa lina kichocho. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wadogo wa majini, vikitoka huogelea, vikikuta ngozi ya mtu hupenya. Mtu anayesimama majini kutwa nzima, siku sita kwa wiki, ndiye mlango ulio wazi. Binamu yangu amemeza zile dawa mara nyingi hadi anaijua ladha yake. Anatibiwa, anapona, anarudi kazini, na kazi iko palepale kwenye konokono.

Wala hili si siri. Watafiti wa KEMRI pamoja na Wamarekani wa CDC waliwafuatilia waosha magari wa Kisumu kuanzia miaka ya 1990. Waliwapima, wakawatibu, wakawapima tena walipoambukizwa tena, wakawatibu tena. Mwaka 2002 matokeo yakatoka kwenye Lancet, jarida kubwa la udaktari la Uingereza. Waligundua kwamba baadhi ya wanaume hao, baada ya kuambukizwa na kutibiwa mara nyingi, miili yao ilijifunza kuvikataa vile vimelea.

Soma hiyo tena polepole. Mwili wa mwosha magari wa Kisumu ulibuni kinga. Huo ndio ubunifu wa vijana wa Kisumu nje ya ukumbi wa hoteli, na uko kwenye maktaba za dunia. Sayansi ni nzuri, na watafiti walifanya kazi yao. Ninachouliza ni kuhusu bomba. Umbali kutoka ziwa hadi nchi kavu ni hatua ishirini. Bomba moja, pampu moja, sakafu ya saruji yenye mfereji wa maji machafu, na binamu yangu angeosha magari akiwa amevaa viatu. Hata ziwa lingepumzika, lisinyweshwe oili. Nilimuuliza kwa nini hawajafanya hivyo wenyewe. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini hawajajenga uwanja wa ndege. "Omera," akasema, "ardhi ya kujenga ni ya nani?"

Najua nitakachojibiwa. Mtaniambia ninawatukana mafundi wa jua kali. Hapana. Fundi anayetengeneza springi ya lori kwa nyundo na moto wa makaa ni bora kuliko mimi niliyeacha uhandisi katikati. Ninamtaka alipwe kama fundi, aache kusifiwa kama muujiza.

Mtaniambia pia kwamba sisi wenyewe ndio tunaopanda Probox iliyojaa, na mwenye gari ni mroho, na karao anachukua chake pale kizuizini. Kweli tupu. Mimi mwenyewe hupanda. Lakini msiniambie haiwezekani kubadilika, maana iliwahi kuwezekana. Mwaka 2003 waziri wa uchukuzi John Michuki alitangaza kanuni zake, na Februari 2004 zikaanza kufanya kazi: mikanda kwenye viti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, abiria 14 na basi. Mimi nilikuwa mdogo, lakini wakubwa wangu husimulia jinsi matatu zilivyotoweka siku za kwanza na watu wakatembea hadi kazini huku wakilalamika. Kisha zikarudi, na kila mtu alikuwa na kiti chake. Hakuna aliyehitaji hakathoni. Alihitajika mtu mmoja mwenye mamlaka na kichwa kigumu. Kanuni hazikufa kwa sababu zilikuwa mbaya. Zilikufa polepole, noti moja baada ya nyingine, na kila mmoja wetu akiangalia pembeni.

Na kuna siku ambazo hakuna anayesifia kitu. Agosti 2025 basi lililobeba watu waliotoka mazishini lilipinduka pale kwenye raundabauti ya Coptic. Zaidi ya watu 20 wakafa, watu waliotoka kumzika mtu. Wiki hiyo sikusikia mgeni wa heshima akitaja ubunifu. Walitoa rambirambi. Neno ubunifu hutumika tukiwa hai na tumefinyana. Tukishalazwa kwenye nyasi kando ya barabara linageuka kuwa kudra ya Mungu. Katikati ya maneno hayo mawili ndipo kazi ya watu fulani ilipo, na ndipo hawapatikani.

Ripoti ya mashindano niliimaliza na kulipwa, na lile neno "Makofi" nililiacha lilivyo. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Bondo. Probox ilikuwa imejaa, lakini makanga akaniambia nafasi ipo, na kweli ilikuwepo: kulia kwa dereva, bega langu kwenye mlango. Tulipofika kwenye kona ya kwanza, dereva hakuweza kufikisha mkono wake wa kulia, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa mimi.

"Omera," akasema bila kugeuka, "nipigie indiketa."

Nikaipiga. Nyuma mtu akacheka, akasema huyu kijana ana akili ya gari. Nilishikilia ule mpini hadi kona ikaisha, nikaurudisha, kisha nikakaa tayari kwa kona nyingine.